Sentimita Sitini

Dukani, nje kidogo ya Gdynia, theluji ikiyeyuka
kwenye soli zetu na kuacha vidimbwi, nililiona:
kabati la sinki, upana mita moja na ishirini,
sinki mbili, droo sita, vishikio vya shaba.
Nikavuta droo, ikafunguka bila kelele.
Nikaiachia, ikajifunga yenyewe, polepole,
kama mtu mwenye adabu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Hili, nikamwambia Bogumił.
Akanyamaza. Akatoa utepe wa kupimia.
Miaka thelathini na mmoja kwenye karakana ya meli,
haendi hata mazishini bila utepe ule.

Nyumbani, ghorofa ya nne, bafu limechorwa
na mtu ambaye, naapa, hakuwahi kuoga.
Alipiga magoti akakata magazeti
kwa mkasi wangu wa nguo. Nikamwacha.

Mita na ishirini: gazeti likapanda mashine ya kufulia.
Mita moja: mlango ukalikunja pembe.
Themanini: mlango ukapita!
Nilikuwa nimeshaanza kushangilia.
Bado, akasema, fungua droo.
Droo ya gazeti? Akaongeza kipande kuja mbele,
akaniketisha chooni na koti langu la baridi.
Karatasi ikanigusa goti.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kabati
lina ukubwa wake likiwa kimya
na ukubwa mwingine likiamka.

Kimo nacho tuligombania. Mimi mfupi;
kwenye sinki refu maji hunishukia hadi kiwikoni.
Akanisimamisha ukutani, akaweka alama ya penseli
vile vile alivyokuwa akimpima Wit
kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kila Desemba,
mpaka mtoto akampita baba
na penseli ikaona haya.

Teofila wa ghorofa ya tatu akapanda kuazima chumvi,
akaona magazeti, akacheka: Dogo hilo! Vitu mtaweka wapi?
Basi nikamwaga kabati la zamani kitandani.
Dawa zilizokwisha muda. Sabuni kumi na moja za hoteli.
Rangi ya nywele ya mwaka ambao nilitaka kuwa mwekundu.
Wembe wa Wit, ambaye sasa ananyolea ndevu Bergen.
Vya kubaki vilijaa boksi moja la viatu,
na boksi lenyewe halikufunga, sawa,
lakini lilikuwa moja.

Themanini, nikasema. Tumemaliza.

Akashuka stoo. Nilimsikia ngazini, akipumzika
mahali ambapo zamani hakupumzika.
Akarudi na fremu ya kutembelea ya marehemu mama yake,
akaisimamisha kati ya gazeti na beseni la kuogea.
Akajaribu kuigeuza. Haikugeuka.
Akakata gazeti. Sabini. Haikugeuka.
Akakata tena. Sitini.
Fremu ikazunguka kama dada wa harusi.

Ya nani hiyo? nikauliza.

Tangu Oktoba mkono wake wa kushoto huangusha vijiko.
Nilidhani ni vijiko.
Kwa daktari alikwenda peke yake,
akarudi na mkate, akasema foleni ilikuwa ndefu.
Yaliyosemwa kule hakunisimulia hata siku moja,
ila siku ile, kwa mkasi, kwenye ukurasa wa michezo.

Mtu hujikuna ajipatapo,
nami mkono wangu ulikuwa umefika mita na ishirini.

Tulilinunua la sitini. Sinki moja, droo mbili.
Asubuhi tunapiga mswaki kwa zamu:
mimi natema, yeye anasubiri
huku povu likimshukia kidevuni, na hasemi kitu.
Droo za lile la dukani bado nazikumbuka, sitadanganya.

Fremu imerudi stoo. Haijahitajika.
Kati ya kabati na beseni pamebaki nafasi,
sentimita ishirini zisizo na kitu.
Kila Jumamosi nazipiga deki.